Sporulesheni maana yake nini, na neno limetoka wapi?

MamaVifaranga: Wakuu, habari za jioni. Nina vifaranga 200, wako wiki ya nne. Juzi alfajiri nimekuta kinyesi chenye damu. Afisa mifugo amenipa amproliamu ya kuweka kwenye maji, akasema "dhibiti sporulesheni kwenye maranda." Spora ninazozijua mimi ni zile za ukungu wa mkate. Kwa kuku zimeingiaje? Na neno lenyewe asili yake wapi?

MwalimuBaiolojia: Pole sana dada. Asili ni Kigiriki: spora ni mbegu, au kule kupanda kwenyewe, kutoka kitenzi speirein, kutawanya mbegu kama unavyosia mchicha kitaluni. Ndugu yake unamtaja kila siku: diaspora, watu waliotawanyika. Wanasayansi wakaunda sporula kwa Kilatini, yaani kispora, na humo ndimo ilimotoka sporulesheni: kuunda spora. Ila usidhani ni jambo lile lile kwa viumbe wote. Ukungu wa mkate huzaliana kwa spora. Bakteria wa kimeta, kila mmoja huunda spora moja tu, kwa hiyo haongezeki. Anajihifadhi mpaka hali iwe nzuri.

BandaLaKuku: Na koksidia, kimelea cha utumbo wa kuku, naye ana namna yake. Yai lake likitoka na kinyesi, siku hiyo bado halimdhuru kuku. Lipate unyevu, joto na hewa, basi ndani ya siku moja au mbili linajigawa: vifuko vinne, kila kifuko vimelea viwili. Vinane hivyo! Kifaranga akilidonoa sasa ndipo anaharisha damu. Hiyo ndiyo sporulesheni aliyoisema afisa wako. Dawa za kawaida za kusafishia banda haziliwezi, kwa hiyo pambana na unyevu. Chota maranda, finya. Ukiachia yakabaki bonge, yameloa.

MamaVifaranga: Natoka bandani sasa hivi. Kwenye chombo cha maji kilicho karibu na mlango nimefinya, bonge limebaki na alama za vidole vyangu. Nimezoa debe zima, nimemwaga maranda makavu, chombo nimekiinua kifike usawa wa migongo yao. Hayo niliyozoa niyapeleke wapi?

BandaLaKuku: Yarundike mbali na banda, uyafunike yaoze. Joto la lundo litayaua hayo mayai. Na viatu vya kuzolea usiingie navyo kwa vifaranga.