Mjadala: Je, visiagi vya Nairobi vilazimishwe kutia foliki katika unga?

MTOA MADA

Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inawalazimu wenye viwanda kutia virutubisho, ikiwemo foliki (vitamini ya kundi B), katika unga wa mahindi na wa ngano unaouzwa ukiwa umepakiwa. Mama wa Kawangware anayenunua gorogoro la mahindi na kulipeleka kisiagi cha jirani hafaidiki na sheria hiyo. Naona visiagi navyo vilazimishwe, ila gharama ilipwe na serikali, na sababu yangu iko katika wiki nne za mwanzo wa mimba.

Wiki ya tatu baada ya mimba kutungwa, kiinitete hujipanga katika matabaka matatu. Lile la nje, ektodemu, ndilo linalofanya ngozi ya juu, nywele, kucha na enameli ya meno. Sehemu yake ya katikati, upande wa mgongo, hunenepa ikawa bamba; kingo za bamba huinuka, hukaribiana na kushikana kuanzia eneo la shingo, kisha hufunga kuelekea kichwani na kuelekea chini, hadi upatikane mrija utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo. Kichwani hufungwa siku ya 25 hivi, chini siku ya 28. Mrija usipofungika chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Usipofungika juu, ubongo na fuvu havikamiliki, na mtoto huyo hawezi kuishi. Siku hiyo ya 28, mama amechelewa hedhi kwa takriban wiki mbili tu. Wengi hata hawajajua kwamba ni wajawazito, sembuse kufika kliniki kupewa vidonge vya foliki, inayosaidia mrija huo kufungika.

MCHANGIAJI

Sayansi yako siipingi, ndugu. Lakini kisiagi hupokea kilo mbili za huyu na kilo tano za yule, kila mtu na mahindi yake. Virutubisho vitapimwaje vienee sawasawa? Afadhali vidonge vigawiwe bure kwa wanawake wote.

MTOA MADA

Hoja ya kipimo ni nzito. Vipo vifaa vidogo vya kupimia vinavyofungwa kwenye kinu, navyo vinahitaji matunzo na ukaguzi, ndiyo maana sikubali mzigo huu atwikwe mwenye kisiagi peke yake. Vidonge vya mikrogramu 400 kwa siku ni vyema, lakini humfaa zaidi aliyepanga kushika mimba, na mimba nyingi hazipangwi. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 1991 ulionyesha kwamba, kwa wanawake waliokwisha kupata mimba yenye kasoro hizi, foliki iliyoanzwa kabla ya mimba ilipunguza hatari ya kurudiwa kwa asilimia 72. Haizuii kasoro zote, lakini Marekani iliona inatosha kuilazimisha katika unga mwaka 1998.

Ningependa sasa wenye visiagi wa Kayole na Mathare watueleze: kifaa hicho kikiletwa bila malipo, ni nini kitakachowazuia kukitumia?