Ulinganisho: ArcGIS Online, QGIS na Leaflet, au Power BI kwa ramani ya kugawia mafundi?

kisimani (mwanzisha mada)

Wakuu, salamu. Shirika letu linasimamia vituo vya maji mia sita na ushee, vimetapakaa eneo pana. Kila mwezi mtunza kituo anajaza fomu kwenye simu: kinatoa maji au hakitoi, kiliharibika lini, fundi alifika lini mara ya mwisho. Fomu zote zinamwagwa kwenye jedwali moja la Excel lenye safu wima 31. Kikao cha Jumatatu cha kugawa mafundi hakilitazami hilo jedwali. Kinaendeshwa na kichwa cha mzee mmoja anayekijua kila kituo kwa jina na kwa tabia zake, na mzee anastaafu mwisho wa mwaka.

Bosi anataka "ramani ya kubofya". Nimebaki na njia tatu mezani:

1. ArcGIS Online, huduma ya ramani ya mtandaoni. Kila kitu kiko tayari, unalipia kwa idadi ya watumiaji.
2. QGIS (programu ya ramani ya kompyuta) ya kutayarishia, Leaflet (msimbo wa kuonesha ramani) ya kuweka kwenye wavuti. Bure, ila kuna kazi ya mkono.
3. Power BI, programu ya Microsoft ya chati na ripoti. Ofisini tunayo tayari, na ina ramani ndani yake.

Naomba uzoefu wa waliozitumia. Matangazo nimeshayasoma.

Fundi_Tabaka

Mimi ni mtu wa QGIS tangu zamani, kwa hiyo jua kabisa kwamba nina upande.

QGIS ilianzishwa na Gary Sherman mwaka 2002. Ni programu huria, haijali mna watumiaji 2 au 200. Nguvu yake iko kwenye maswali ya umbali. Mfano: nioneshe vituo vilivyokufa ambavyo hakuna kituo kizima ndani ya kilomita 2. Hilo ndilo swali la kugawia mafundi, maana kituo kilichoharibika katikati ya vitatu vizima kinaweza kusubiri wiki, cha peke yake hakisubiri. Unachora duara la kilomita 2 kuzunguka kila kituo kizima, unaondoa vibovu vilivyoangukia ndani ya maduara, vinavyobaki ndiyo safari ya Jumatatu. Dakika kumi ukishazoea.

Leaflet ya Vladimir Agafonkin imekuwepo tangu 2011 na ina uzito wa kilobaiti 42 hivi, kwa hiyo inafunguka hata kwenye simu iliyochoka. Ubaya wake ni kwamba lazima awepo mtu anayesoma JavaScript, lugha ya msimbo wa wavuti, bila kutetemeka. Na ile picha ya ramani ya chini nayo inatoka mahali: seva za OpenStreetMap, ramani huria ya dunia, zinaendeshwa kwa michango, zina masharti ya matumizi, na lazima uwataje pembeni ya ramani.

Kinachonitisha mimi ni huduma kufungwa. Google walizima Fusion Tables, huduma yao ya majedwali na ramani, Desemba 2019, na ramani zilizojengwa juu yake zikaenda nayo. Mapbox, kampuni ya ramani za wavuti, nao Desemba 2020 walibadili leseni ya maktaba yao (msimbo wa kuchorea ramani) kuanzia toleo la 2, ndipo MapLibre ikachipuka kutoka toleo la zamani. Faili lako la GeoJSON (faili la kawaida la data za ramani) likiwa kwenye diski yako, hakuna wa kukuamsha na barua ya namna hiyo.

MtuWaNguzo

Mkuu Fundi, swali la kilomita 2 ni zuri, lakini kikao cha kisimani hakiulizi hilo tu. Kinauliza pia kituo gani kimekaa siku nyingi bila fundi. Hilo ni swali la muda, na ramani kwenye muda ni kipofu. Nukta nyekundu ya jana na nukta nyekundu ya miezi mitano iliyopita zinafanana kama pacha.

Weka chati ya mihimili (nguzo) iliyopangwa kuanzia siku nyingi kushuka, vituo 20 vya juu, basi. Power BI inafanya hivyo bila shida: ubofye mhimili, ramani ya pembeni ikuoneshe kilipo. Ubofye eneo kwenye ramani, mihimili ijichuje yenyewe. Na kwa kuwa leseni mnayo, umeruka kikao kimoja cha manunuzi.

Tahadhari mbili tu. Usiipe Power BI majina ya vijiji ikutafutie mahali; majina yanayojirudia yatakupeleka bara lingine. Mpe safu ya latitudo na safu ya longitudo, uziwekee aina hiyo hiyo kwenye mipangilio. Ya pili: kile kitufe cha kuchapisha kwenye wavuti kinafanya ripoti ionekane na dunia nzima, bila nenosiri. Nimeona mtu akikibofya akidhani anamtumia bosi kiungo.

Bi_Jedwali

Mnabishana sufuria gani wakati mchele haujachambuliwa.

Kisimani mdogo wangu, kabla hujachagua chochote, chukua hilo jedwali ulitupe kwenye QGIS hivyo hivyo lilivyo. Nitakutabiria utakachokiona. Kwanza, kuna nukta zitakaa baharini, Ghuba ya Guinea, pale ikweta inapokutana na longitudo 0. Wenye kazi hii wanapaita Null Island. Hakuna kisiwa pale. Hao ni watu walioacha nafasi ya jipiesi (GPS) wazi na fomu ikajaza sifuri.

Pili, kuna nukta zitahamia nchi isiyohusika kwa sababu mtu aligeuza latitudo na longitudo. Na hapa wenye Leaflet msicheke: Leaflet inataka latitudo kwanza, GeoJSON inataka longitudo kwanza. Zote mbili zinaishi kwenye mradi mmoja. Mimi nilishapoteza mchana mzima nikitafuta kosa, kumbe ni hilo tu.

Tatu, alama ya desimali. Kompyuta moja inaandika nukta, nyingine inaandika mkato, na Excel inasoma 6,812 kama elfu sita mia nane na kumi na mbili. Digrii elfu sita za latitudo! Hiyo inaangukia nje ya sayari.

Usafishe hayo ndiyo urudi tuzungumze dashibodi, yaani skrini moja yenye ramani na chati.

kisimani

Dada Bi_Jedwali, nimefanya sasa hivi. Baharini zipo 9. Zilizogeuzwa 14. Moja iko Antaktika, sijui ilifikaje.

tabaka_la_kulipia

Ngoja nitetee njia ya kwanza, maana hapa inasemwa kama dhambi.

Dashibodi ya korona ya Johns Hopkins, ile ya mandhari meusi na maduara mekundu, ilitoka Januari 22, 2020. Ensheng Dong na Lauren Gardner waliijenga haraka juu ya ArcGIS, na dunia nzima ikaikodolea macho. Hiyo ndiyo unayoilipia: seva ambayo si kazi yako kuikesha. Kwa shirika la vituo vya maji kuna jambo kubwa zaidi, nalo ni Field Maps, programu ya simu ya ArcGIS. Fundi anapakua eneo lake asubuhi akiwa na mtandao, anakwenda kusiko na mtandao, anabofya kituo, anaandika alichotengeneza, jioni simu inatuma yenyewe. Na unaweza kupanga nani anaona nini na nani anahariri.

Cha kuangalia ni krediti, vipimo vya matumizi unavyovilipia. Kuhifadhi data, kutafuta anwani kwa jina, baadhi ya uchambuzi, vyote vinakula krediti kimya kimya. Mpe ruhusa hiyo mtu mmoja tu.

MtuWaNguzo

Mkuu, hata ile ya Johns Hopkins ina somo upande wa pili. Maduara yalikuwa yanaonesha idadi ya wagonjwa, kwa hiyo penye watu wengi palivimba, penye watu wachache palififia. Kisimani, utakutana na hili kwenye vituo. Eneo lenye vituo 200 likiwa na vibovu 12 litang'aa kuliko eneo lenye vituo 9 ambavyo 6 vimekufa. Nani ana shida zaidi? Ukipaka rangi maeneo, paka uwiano. Idadi iache kwenye kidirisha cha kubofya. Na usisahau kwamba ukihamisha mpaka wa eneo, rangi inabadilika ilhali hakuna kituo hata kimoja kilichobadilika.

msomaji_wa_zamani

Watu mnasahau ramani ilishaamua mambo kabla ya kompyuta. John Snow, London, 1854: alichora vifo vya kipindupindu kwenye ramani, akaona vimezunguka pampu ya Broad Street, wakang'oa mpini, kipindupindu kikaisha.

Bi_Jedwali

Ndugu msomaji, hadithi hiyo inasimuliwa kinyumenyume kila siku. Mpini uling'olewa Septemba 8, 1854. Ramani tunayoijua aliionesha baadaye, Desemba, ikachapishwa 1855. Na mlipuko ulikuwa umeshaanza kupungua wenyewe kabla mpini haujaguswa.

Alichokuwa nacho mkononi ni kitu kisichopendeza machoni: majina na anwani za waliokufa, na kwenda kugonga milango. Na ushahidi mzito ulikuwa kwenye sehemu tupu. Nyumba ya maskini ya Poland Street ilikuwa na watu 535, katikati kabisa ya vifo, wakafa 5 tu. Walikuwa na kisima chao. Kiwanda cha bia cha hapo hapo kilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 70. Walipewa bia, pampu ile hawakuihitaji, hakufa hata mmoja. Mtu angeangalia nukta tu asingejiuliza mbona hapa hazipo.

Kwa hiyo kisimani, kwenye ramani yako weka na vituo vizima. Watu wengi huweka vibovu peke yake, halafu wanashangaa haiwafundishi kitu.

rangi_mbili

La haraka: msiweke kijani kwa nzima na nyekundu kwa mbovu. Takribani mwanamume 1 kati ya 12 hatofautishi vizuri rangi hizo, na kwenye meza ya wakubwa kumi na wawili kuna mmoja anayetikisa kichwa tu. Tumieni bluu na chungwa, na umbo pia: duara kwa kizima, msalaba kwa kibovu. Cynthia Brewer ana ukurasa wa bure wa kuchagulia rangi za ramani, ColorBrewer, una kisanduku cha kuchuja zinazofaa kwa wenye upofu wa rangi.

pazia

Kabla ramani haijawa ya wazi, angalieni nani anaonekana. Strava, programu ya kurekodi mazoezi, walitoa ramani ya njia za wakimbiaji, na Januari 2018 watu wakagundua kambi za kijeshi zimechorwa humo, kwa sababu askari walikuwa wakikimbia kuzizunguka na saa mkononi. Hakukuwa na jina la mtu hata moja. Kituo cha maji si siri, lakini fomu zenu zina jina na simu ya mtunza kituo. Hizo safu zisitoke ofisini.

Fundi_Tabaka

Pazia kaongea. Hapo ndipo watu wa Leaflet huungua bila kujua: faili la GeoJSON linashuka lote kwenye kivinjari cha mtazamaji. Ulichokificha kwenye kidirisha bado kimo ndani ya faili. Futa safu kabla ya kupandisha, usifiche.

mwenye_karatasi

Na intaneti ikikatika Jumatatu saa 3? Chapisha A3.

kisimani

Nimerudi, wiki tatu baadaye. Tumeanza na Power BI, chati ya siku upande wa kushoto na ramani kulia, kwa sababu hakuna wa kuandika JavaScript hapa na mimi nikiugua lazima mwingine aweze kuisukuma. QGIS nimebaki nayo ya kusafishia na kwa lile swali la kilomita 2. Orodha ya vituo vya peke yake naipitisha kwenye Power BI kama safu mojawapo. Field Maps imebaki kwenye maombi ya bajeti. Na ndiyo, mwenye_karatasi, A3 ipo ukutani.

Sasa jambo ambalo sikulitegemea. Niliketi na yule mzee wetu, ramani kwenye skrini, tukapita eneo moja moja. Alinyamaza muda mrefu, halafu akagusa nukta: "Hapa hakuna kituo. Hapa ni kwa mama anayekitunza." Akagusa nyingine: "Na hapa ni dukani." Kufika jioni tulikuwa na nukta 37. Fomu inachukua jipiesi pale mtu anapoijaza, nao wanaijaza jioni wakiwa wamekaa nyumbani, kwa sababu hapo ndipo chaji ilipo. Baadhi ziko kilomita moja na nusu kutoka kwenye bomba lenyewe. Lile duara la kilomita 2 lilikuwa linazunguka nyumba za watu.

Kuna namna ya kulikamata hili bila mzee?

Bi_Jedwali

Ipo. Nendeni mara moja mkapime kila kituo, hiyo iwe ndiyo anuani yake ya kudumu, na fomu ya kila mwezi itumie namba ya kituo, isipime tena mahali pa ramani. Jipiesi ya kila mwezi ihifadhi pembeni, uilinganishe na ile ya kudumu kwa matriki ya umbali ya QGIS (zana ya kupima umbali kati ya nukta). Ikizidi mita 200, mpigie mtunza kituo. Umuulize kwa upole, wengine walikwenda kweli, wakarudi kuandika.

Na huyo mzee, mbakisheni hata miezi miwili ya mwaka mpya.