Beringi ya konrodi iliyomwagwa upya inabana: Lister ya pampu, Mambrui

Msabaki: Assalaam aleikum mafundi. Nina injini ya dizeli ya Lister 6/1, ya flaiwili mbili (magurudumu mazito ya pembeni), ile ya mizunguko 650 kwa dakika, ya kuvutia maji shambani. Beringi ya konrodi (fimbo inayounganisha pistoni na kranki) imemwagwa metali nyeupe, ile aloi laini ya beringi, upya Mombasa na kuchongwa kwenye lethi. Boliti zikishikwa kwa mkono kranki inazunguka, nikizikaza inagoma. Shimu za shaba (vibati vyembamba vya kati ya nusu mbili za beringi) ni zilezile. Niongeze shimu au nipige msasa?

Kale_Chuma: Waaleikum salaam. Msasa usiuguse kabisa! Metali nyeupe ni laini, chembe zinazama humo, kisha kranki ndiyo inayosagwa. Shimu nazo ziache kwanza. Ukiziongeza tundu linakuwa yai: juu na chini pamelegea, ubavuni pako vilevile.

Pima shingo ya kranki kwa maikromita, kati na kingo zote mbili, kila mahali mara mbili kwa pembe mraba. Uyai ukizidi thau 2 (sehemu 2 za elfu za inchi, yaani milimita 0.05), kranki ikasagwe. Halafu pima tundu la beringi boliti zikiwa zimekazwa. Nafasi iwe kama thau 1 kwa kila inchi ya kipenyo.

Msabaki: Shingo ni duara, uyai haufiki nusu thau. Nafasi imetimia. Bado inabana.

Mwana_Lethi: Basi tatizo ni kona. Shingo inapokutana na mkono wa kranki pana kijiviringo, si kona kali. Beringi ikiachwa na ukingo mkali, ukingo unapanda juu ya kijiviringo hicho, na ile nafasi ya katikati haikufai kitu.

Paka buluu (rangi ya kuonyesha panapogusana) kwenye shingo, nyembamba hata chuma kionekane chini yake. Funga, kaza, sukuma flaiwili robo mzunguko, fungua. Buluu ikishika kingoni, kwangua ukingo kwa skrepa ya pembe tatu mpaka uache kugusa. Ikishika madoa katikati, kwangua madoa hayo tu, futa, paka tena. Ni kazi ya kurudia mara nyingi, usiwe na haraka. Acha pale madoa madogo yatakapoenea zaidi ya nusu ya uso.

Kale_Chuma: Kona niliisahau, kweli. Ukiwa umeifungua, jaribu pia kama metali imeshika. Loweka beringi kwenye dizeli saa kadhaa, pangusa ikauke, paka chaki pale metali inapoungana na gamba (chuma cha nje cha beringi), kisha finya. Chaki ikilowa, haikushika. Mrudishie aliyemwaga, hiyo haikwanguliki.

Mtaro wa mafuta usifike ukingoni, mafuta yatamwagika kabla hayajafanya kazi. Spliti pini ziwe mpya. Ukiwasha, nusu saa bila mzigo, zima, ngoja dakika 10 ndipo ufungue mlango wa kranki: mvuke wa mafuta yenye joto ukikutana na hewa unaweza kulipuka. Shika kifuniko cha konrodi. Kikiunguza mkono, rudi kwenye buluu.

Msabaki: Nimepaka. Buluu imeshika ukingoni, upande wa gavana (kidhibiti mwendo) peke yake.

Mwana_Lethi: Nusu ya juu na ya chini, upande uleule?

Msabaki: Uleule.

Mwana_Lethi: Kwangua ukingo huo. Ingekuwa juu kushoto na chini kulia, ningekwambia konrodi imepinda.