Kwenye usaili, nani ataje dau kwanza?

Mtunza Stoo
Nianze na fomu ya kuomba kazi. Sababu ya kuacha kazi ilipewa mstari mmoja tu, upende usipende. Ila chini yake kulikuwa na kisanduku chenye nyota nyekundu: "Mshahara wa sasa". Kalamu ikasita. Nikaandika ukweli, maana ndivyo nilivyolelewa. Wakachukua kile kile nilichoandika, wakaongeza asilimia 10, nikatoka nachekelea.

Miezi mitatu baadaye, mwenzangu tuliyeajiriwa naye wiki moja, stoo moja, zamu moja, alisahau slipu yake ya mshahara kwenye mashine ya kuchapia. Sikukusudia kusoma. Nikasoma. Alikuwa ananizidi kwa karibu nusu ya mshahara wangu. Nilipomuuliza hakuficha: "Mimi nilikotoka walikuwa wanalipa vizuri." Basi, tofauti yetu ilikuwa hiyo tu. Yule bosi wa zamani aliyenipunja miaka minne ndiye aliyenipangia mshahara kwa bosi mpya.

Hoja yangu: mwajiri akatazwe kuuliza mshahara wa nyuma, na tangazo la kazi litaje kiwango. Wapo walioanza. Jimbo la Massachusetts, Marekani, lilipitisha sheria ya kukataza swali hilo mwaka 2016, ikaanza kutumika 2018. Jimbo jingine la huko, Colorado, tangu 2021, tangazo lazima lioneshe kiwango. Umoja wa Ulaya nao ulipitisha mwongozo mwaka 2023: mwombaji aambiwe kiwango mapema, na asiulizwe alikuwa analipwa ngapi. Nchi wanachama zikapewa hadi Juni 2026 kuuingiza kwenye sheria zao. Mnasemaje?

Fundi Umeme
Mkuu, ulijikaanga kwa mafuta yako mwenyewe. Andika unachotaka kulipwa. Kwani wao wakiandika "maslahi mazuri" huwa wanasema ukweli?

Karani wa Mishahara
Fundi, usimponze mwenzio. Wapo waajiri wanaodai slipu kabla ya kukupa mkataba. Ukikutwa umedanganya, ofa inafutwa, na kule ulikotoka umeshaaga. Kukataa kutaja ni haki yako, kughushi ni kesi.

Afisa Utumishi
Mimi nakaa upande wa pili wa meza, nisikilizeni kabla hamjanirushia mawe. Mara nyingi nauliza ili tusipotezeane muda. Nimewahi kuwa na mtu aliyekuja usaili mara tatu, kila mara kadanganya kazini kwake kwamba anaumwa, mwisho ofa yetu ikawa chini ya anacholipwa. Alinitazama tu, akafunga faili lake akaondoka.

Lakini niseme na lile ambalo wenzangu hawatalipenda. Bajeti ya nafasi huwa ipo kabla tangazo halijaandikwa. Ina chini yake na juu yake. Anayekuuliza ulikuwa unalipwa ngapi anajua tayari anaweza kufika wapi, anachotafuta ni pa kuanzia. Ukija na kidogo, kwenye kikao tunasema "tumeokoa". Na nikiri: kiwango kingekuwa kwenye tangazo, yule wa mara tatu asingekuja hata mara moja.

Mwalimu wa Hesabu
Hilo la "pa kuanzia" limepimwa. Mwaka 1974 wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman walieleza jaribio lao la gurudumu la namba. Walilizungusha mbele ya watu, kisha wakawataka wakadirie nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya nchi za Umoja wa Mataifa. Gurudumu liliposimama kwenye 10, kadirio la kati lilikuwa 25. Liliposimama kwenye 65, likawa 45. Namba ya gurudumu haihusiani na Afrika wala na Umoja wa Mataifa, na bado iliwavuta. Sembuse namba ya kwenye slipu.

Dereva wa Lori
Nyie mna raha, mnachagua. Mimi miezi minane sasa natuma barua. Nimeitwa mara mbili. Ile ya pili nikaulizwa nataka mshahara gani, nikajibu "chochote". Mama aliyekuwa ananisaili akaweka kalamu chini, akasema, "Chochote si mshahara, baba." Sikupata. Sheria zenu hizo zinamsaidia aliyekwisha kuitwa.

Mhasibu
Napinga. Colorado ilipoanza, baadhi ya waajiri wa kazi za kufanyia nyumbani waliandika kabisa kwamba wakazi wa jimbo hilo wasiombe. Denmark, kwa sheria ya 2006, kampuni za kuanzia wafanyakazi 35 zilitakiwa kutoa takwimu za mishahara ya wanaume na wanawake. Watafiti walipoifuatilia wakakuta pengo limepungua, ila zaidi kwa sababu ya wanaume kuongezwa polepole. Ni sheria tofauti, najua, lakini inaonesha uwazi unaweza kubana badala ya kuinua. Na marufuku ya swali ina tundu: mwenye mshahara mnono ataropoka mwenyewe bila kuulizwa, na atakayenyamaza ataonekana analipwa kiduchu.

Mtunza Stoo
Mhasibu, la tundu nimelimeza, sina jibu. Ndiyo maana marufuku peke yake sitaki, nataka na kiwango kwenye tangazo. La Denmark halinitishi. Mimi ndiye wa chini, wa juu akingojea kidogo sijapoteza kitu.

Dereva, pole ndugu yangu. Ila siku ukiitwa tena, kabla hujaenda wapigie madereva wawili watatu uwaulize soko likoje. Mimi nilifanya hivyo safari iliyofuata. Fomu ilikuwa ya mtandaoni, kisanduku kile kile, kikagoma kuachwa wazi. Nikaweka 0. Msaili akainua macho: "Ulikuwa unafanya kazi bure?" Nikamwambia hapana, nilikuwa nalipwa, ila ningependa kwanza kujua nafasi hii imetengewa ngapi. Akamtazama mwenzake. Mwenzake akataja. Chini yake ilikuwa juu ya kile nilichotaka kuomba.

Karani wa Mishahara
Hiyo 0 nayo, mkuu, kwangu mimi imepakana na kughushi.

Fundi Umeme
Mwache bwana, kapata kazi.