MREJESHO: Programu ya kufuatilia hali za wazee kwenye makao yetu, Dodoma

Wakuu, mwezi wa tano niliuliza hapa tutumie programu gani kufuatilia hali za wazee wetu, maana madaftari yanajaa na hakuna anayeyasoma. Asanteni sana mliojibu.

Tulichukua KoboCollect, programu ya kujaza fomu kwenye simu, ni ya bure na unajaza hata bila mtandao. Tukaweka yale maswali 5 ya WHO (Shirika la Afya Duniani) ya kupima mtu anavyojisikia moyoni: kila jibu 0 hadi 5, jumla unazidisha kwa 4, aliye chini ya 50 anafuatiliwa kwa karibu. Aliyeshauri tuulize kwa Kigogo, mkuu, ubarikiwe. Bibi zetu sasa wanafunguka hadi chai inapoa.

Swali la kuamka ukiwa umepumzika ndilo lilitushtua, wengi walikuwa chini. Kumbe baridi ya Julai, na upepo wa Dodoma mnaujua! Blanketi zikaongezwa, madirisha yakazibwa, alama zikapanda.

Kilichogoma ni kwa wazee waliopoteza kumbukumbu. Wanajibu "sijambo" kwa kila kitu, kwa hiyo hao tunaangalia tu wanavyokula na kulala. Zamu ya usiku nao hawajazi simu; tumewapa karatasi, asubuhi tunaingiza wenyewe.