Nimeuziwa mdoli wa Snake Eyes "wa 1982" kumbe kiunoni kajaa supa glu, na muuzaji kanifungia simu

Wadau, nina hasira hadi vidole vinatetemeka, makosa ya uandishi mnisamehe.

Mimi ni mtu wa Lamu, miaka 46, na tangu mwaka jana nimerudia midoli. Ndiyo, midoli, ile ya wanajeshi wa G.I. Joe ya kampuni ya Hasbro, ya inchi 3 na robo tatu. Utotoni ami yangu, aliyekuwa baharia, aliniletea Snake Eyes, yule mweusi tititi. Siku moja nikamfunga kwenye dau la mchezo, nikaliachia karibu na gati. Maji yalikuwa yanakupwa. Dau likaenda na nahodha wake, mimi nimesimama nalia.

Basi hapo nyuma nikaona tangazo la jamaa wa Nairobi: "Snake Eyes orijino, toleo la kwanza, 1982." Shilingi 9,500. Nikajibana miezi miwili, nikatuma pesa. Mzigo ukaja kwa basi hadi gati ya Mokowe, upande wa bara, nikavuka kwa boti kuufuata. Kurudi, subira ikanishinda, nikaufungulia pale uwanja wa Mkunguni, Lamu mjini, mbele ya wazee. Kosa langu hilo.

Nikamshika mkono, nikauzungusha juu ya kiwiko. Ukazunguka. Nikajua nimeliwa.

Kwa asiyejua: wale wa 1982 mkono huinuka begani na kukunja kiwiko, basi. Mkono wa kuzunguka juu ya kiwiko ulikuja 1983. Na msidanganyike na mwaka uliopigwa chapa mgongoni, maana hata yule wa 1983 ana chapa ya 1982. Muuzaji alinitumia picha ya chapa mara tatu. Picha ya mkono nilipoiomba, eti kamera ina ukungu.

Hata hivyo wa 1983 si takataka, angeniambia ukweli ningemnunua kwa bei yake. Kilichonichoma ni kiuno. Midoli hii ndani ina mpira mmoja wa mviringo, oringi, ndio unaoshika kifua, kiuno na miguu pamoja. Mpira huzeeka, hukatika, mdoli akaachana vipande viwili. Dawa yake ni kufungua skrubu moja ya mgongoni na kutia oringi nyingine, kazi ya dakika tano. Huyu mlaanifu kammiminia supa glu! Kiuno hakigeuki, miguu imekakamaa kama ya maiti. Skrubu nimeitoa, kifua hakiachii. Na supa glu ikikauka huacha ukungu mweupe, na Snake Eyes huyu hakupakwa hata tone la rangi, ni plastiki nyeusi tupu. Sasa anaonekana kama buibui lililomwagikiwa unga.

Nikampigia. Jibu lake: "Buda, mweusi ni mweusi. Kwani wewe mtu mzima unataka kumchezesha?" Kisha kanifungia. Naye mzee mmoja pale Mkunguni, kanitazama mimi na kile kisanduku, akasema, "Mwanangu, hizo si pesa za mbuzi?" Mzee, shikamoo, lakini mbuzi sikumtaka.

Kucheza au kutocheza ni shauri langu. Nimelipia kitu cha 1982 kinachopinda kiuno, nimeletewa cha 1983 kisichopinda. Nataka pesa yangu, na nauli ya Mokowe kwenda na kurudi juu yake. Tangazo bado liko hewani, picha ile ile, mikono imenyooka juu ya kitambaa cheupe. Ukiliona, muombe akupigie video akiuzungusha mkono, uone atakavyopotea.

Halafu, kuna anayejua kuondoa supa glu bila kuyeyusha plastiki? Asetoni msiniambie, nimeijaribu kwenye mdoli mwingine mbovu, uso wote ulikwenda. Na oringi za saizi hii zapatikana wapi Pwani? Fundi wa injini za boti amenipa aliyonayo ndogo kabisa, ni nene, kifua hakifungi.