Tupeane uzoefu: upupu ulipokuwasha, ulifanya nini?

Mpitanjia: Leo nimeona maganda ya upupu yaliyokauka pembeni mwa njia, yaking'aa kama mahameli, nikaanza kujikuna hata kabla sijayakaribia. Waliowahi kuwashwa, elezeni kilichowasaidia.

Mjukuu wa Mganga: Majivu makavu. Unapaka, unasugua, mwasho unakwisha.

Nesi Mstaafu: Ndugu yangu, hapo kwenye kusugua sikubaliani nawe. Vile vinyweleo vya maganda ya upupu vina ncha kali na vimebeba kimeng'enya kiitwacho mukunaini, ambacho ndicho kinachowasha. Ukisugua unavizamisha zaidi. Bandika utepe wa gundi kwenye ngozi kavu, ubandue, rudia kwa kipande kipya, kisha osha kwa sabuni na maji mengi.

Mjukuu wa Mganga: Babu zetu walikuwa na utepe wa gundi?

Bwana Harusi: Mimi ulinikuta siku ya ndoa yangu. Shati lilianikwa usiku kwenye kamba iliyopita karibu na kichaka, upepo ukavuma kutoka huko, nami asubuhi nikalivaa bila wasiwasi. Tulipokaa mbele ya mashahidi shingo ikaanza kuwaka, kisha makwapa, kisha mgongo mzima, nikawa najipinda na kutokwa jasho huku wakwe wakinong'onezana kwamba ama nimepandwa na pepo ama nimeghairi. Nilipoulizwa kama nimekubali, nilijibu nikiwa kifua wazi. Shangazi mmoja aliagiza tope, mwingine akapiga kelele kwamba tope litausambaza, na wakati wanabishana mimi naendelea kuungua.

Kidokozi: Na shemeji yetu je?

Bwana Harusi: Alinishika bega kunituliza, naye akaanza kujikuna.

Mpitanjia: Poleni sana, ingawa nimecheka. Mimi nilimeza vidonge vya mzio na sikuona nafuu.

Nesi Mstaafu: Si ajabu, kwa kuwa mwasho wa upupu kwa sehemu kubwa haupitii histamini, kemikali ya mwili inayoleta mwasho wa mzio, ambayo ndiyo vidonge hivyo huizuia. Kitambaa chenye maji baridi au losheni ya kalamini hutuliza zaidi. Ukiingia machoni usifikiche hata kidogo. Suuza kwa maji safi mengi na uende hospitali.

Mjukuu wa Mganga: Majivu hayahitaji foleni.

Nesi Mstaafu: Machoni napo utapaka majivu?

Kidokozi: Tuacheni hayo. Lile shati lilifuliwa na nani?

Bwana Harusi: Shangazi wa tope. Alilifua pamoja na kanga zake.